Walinzi wa Figo: Jinsi Mwili Ujikingavyo na Mawe ya Chokaa

Wahenga walisema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Methali hii hutumiwa sana kuwahimiza watu waweke akiba, lakini iko akiba nyingine isiyotakiwa na mtu yeyote, nayo ni ile ya chembe za chokaa zijikusanyazo polepole ndani ya figo mpaka zikawa jiwe. Mwenye jiwe hilo aweza kukaa nalo miaka mingi asijue kama analo. Siku litokapo mahali pake na kuingia katika mrija mwembamba ushukao kutoka kwenye figo mpaka kwenye kibofu, ndipo ajuapo. Maumivu humshika ubavuni na mgongoni, yakashuka mpaka kinenani. Hawezi kukaa wala kulala. Hugaagaa, hutapika, na pengine mkojo wake hutoka umechanganyika na damu.

Hata hivyo, ajabu kubwa si kwamba watu wengine hupata mawe hayo. Ajabu ni kwamba walio wengi hawayapati maisha yao yote, ingawa kila siku mkojo wao unavyo vitu vyote vitakiwavyo kulifanya jiwe. Kwa nini? Ni kwa sababu mwili umejiwekea walinzi wake, mmoja baada ya mwingine, na walinzi hao hufanya kazi usiku na mchana bila ya kuamrishwa na mtu. Kuwajua walinzi hao kuna faida, maana watu wengi, kwa kutowajua, huwafukuza kwa mikono yao wenyewe.

Chukua mfano wa mwashi afanyaye kazi ya kujenga Mombasa, juani tangu asubuhi mpaka alasiri. Ameugua jiwe la figo, amekwenda hospitali, na jiwe limetoka. Arudipo nyumbani, majirani humjia kumpa pole, na mzee mmoja humwambia, "Mwanangu, jiwe hilo ni chokaa, na chokaa imo katika maziwa. Acha maziwa, acha na dagaa, hutaugua tena." Shauri hilo lina sura ya busara, na mzee amelitoa kwa moyo mwema. Lakini si shauri la kweli, na sababu zake zitaonekana hapa chini.

KAZI YA FIGO

Figo ni mbili, nazo zimelala nyuma ya tumbo, moja kila upande wa uti wa mgongo, zikikingwa kwa sehemu na mbavu za chini. Kila moja ni kubwa kama ngumi ya mtu mzima, na ndani yake mna vichujio vidogo sana vipatavyo milioni moja. Katika muda wa saa 24 vichujio hivyo hutoa katika damu maji yapatayo lita 180, yaani madebe tisa ya lita 20. Kama maji hayo yote yangalitoka nje, mtu angalikufa kwa kukauka kabla ya siku kwisha. Lakini karibu yote hurudishwa katika damu na mirija midogo iliyoungana na vichujio, na ni lita moja na nusu au mbili tu zitokazo kuwa mkojo.

Pamoja na maji hayo huchujwa pia kalsiamu, yaani yale madini ya chokaa yajengayo mifupa na meno. Mwili wa mtu mzima una kalsiamu ipatayo kilo moja, na katika kila sehemu mia za kalsiamu hiyo, tisini na tisa zimo katika mifupa na meno. Ile sehemu moja iliyobaki ina kazi kubwa, maana ndiyo iwezeshayo moyo kupiga, misuli kujikaza, na damu kuganda penye jeraha. Kwa siku moja vichujio vya figo hupitisha kama gramu 10 za kalsiamu, na mirija huirudisha karibu yote katika damu. Sehemu mbili hivi tu katika kila mia ndizo zibakizo kutoka na mkojo.

Hatari imo katika hizo sehemu mbili. Maji mengi yamekwisha kurudi katika damu, na kalsiamu iliyobaki imekusanyika katika maji machache. Watu wa Gongoni na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, wayajua vizuri mambo ya namna hii, kwani huko maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana, jua likayakausha, na chumvi ikabaki nyeupe chini. Maji yapunguapo, kilichoyeyuka ndani yake hakina budi kuganda. Katika mkojo kalsiamu hukutana na vitu viwili ipendavyo kushikana navyo. Cha kwanza huitwa oksaleti, kitokacho katika vyakula fulani na pia katika mwili wenyewe. Cha pili huitwa fosfeti. Katika kila mawe matano ya figo, kama manne ni ya kalsiamu, na mengi ya hayo ni ya kalsiamu iliyoshikana na oksaleti.

MLINZI WA TUMBONI

Mlinzi wa kwanza hayumo katika figo hata kidogo. Yumo katika utumbo. Mchicha una oksaleti nyingi; njugu na majani ya chai navyo vinayo. Mtu alapo mchicha pamoja na chakula chenye kalsiamu, hivyo viwili hushikana mumo humo tumboni, vikawa kitu kisichoyeyuka, vikatoka na choo. Oksaleti iliyoshikwa hivyo haiingii katika damu, wala haifiki katika figo.

Sasa mtu huyo aachapo maziwa kabisa, oksaleti hukosa wa kuishika. Hupenya katika damu, huchujwa na figo, na humo ndimo ikutanamo na kalsiamu, mahali pabaya kuliko pote. Ndiyo kusema yule mwashi akimfuata jirani yake atakuwa amemfukuza mlinzi wa mlangoni kwa kumdhania kuwa ni mwizi.

Jambo hili halikujulikana upesi. Kwa muda mrefu hata madaktari waliwakataza wagonjwa wa mawe wasinywe maziwa. Mwaka 1993 Dokta Gary Curhan na wenzake, huko Boston, Marekani, walitangaza habari za wanaume zaidi ya 45,000 ambao vyakula vyao viliandikwa na kufuatwa. Walioonekana kula kalsiamu nyingi zaidi katika chakula ndio waliopata mawe kwa uchache. Kisha mwaka 2002 Dokta Loris Borghi wa Parma, Italia, alitoa matokeo ya jaribio la miaka mitano kwa wanaume 120 waliokwisha kupata mawe. Sitini walipewa chakula chenye kalsiamu kidogo. Sitini wengine walikula kalsiamu ya kawaida, ila walipunguza chumvi na nyama. Katika kundi la kwanza watu 23 walipata mawe tena. Katika kundi la pili, 12.

TEZI NNE ZA SHINGONI

Mlinzi wa pili hukaa shingoni. Huko mna tezi nne ndogo sana, kila moja ikilingana na punje ya mchele au kuzidi kidogo. Kazi yake ni kuipima kalsiamu ya damu. Ipunguapo, tezi hutoa homoni iamrishayo mifupa itoe kalsiamu kidogo na figo zisiipoteze. Ipatapo kuzidi, tezi hunyamaza. Kwa hiyo kalsiamu ya damu haibadiliki sana, mtu akiwa ameshiba au ana njaa.

Watu walijiuliza kwa miaka mingi tezi hizo zaijuaje kalsiamu. Jibu lilipatikana mwaka 1993, wakati Edward Brown na Steven Hebert, pamoja na wenzao huko Boston, walipokigundua kitambuzi cha kalsiamu katika tezi za ng'ombe. Kitambuzi hicho ni kitu kidogo kikaacho juu ya chembe hai za tezi, nacho huionja kalsiamu kama ulimi uonjavyo chumvi ya mchuzi. Baadaye ilionekana kwamba kitambuzi hicho hicho kimo katika figo pia.

FIGO ZIONJAPO MKOJO

Hapo ndipo penye habari tamu kuliko zote. Kalsiamu ya damu izidipo, kitambuzi kilichomo katika mirija ya figo huizuia mirija isiirudishe yote, ili ile iliyozidi itoke nje. Ni jambo jema kwa damu, lakini ni mzigo kwa mkojo, kwani sasa mkojo umejaa kalsiamu. Kama mwili ungaliishia hapo, ungalikuwa umejiokoa upande mmoja na kujidhuru upande wa pili.

Lakini hauishii hapo. Mwisho wa safari ya mkojo ndani ya figo iko mirija ya kukusanyia, na katika kuta zake mna vitambuzi vingine vielekeavyo ndani, kwenye mkojo wenyewe. Hivyo huuonja mkojo upitapo. Vikikuta kalsiamu nyingi, huleta mabadiliko mawili. Kwanza, milango ya maji iliyomo katika kuta hizo hupunguzwa, maji mengi zaidi yakabaki katika mkojo, nao ukawa mwepesi. Pili, vipampu vidogo vilivyomo katika mirija husukuma tindikali ndani ya mkojo, na katika mkojo wenye tindikali kalsiamu na fosfeti hazigandi kwa urahisi.

Wataalamu wa Nijmegen, Uholanzi, waliyahakikisha hayo kwa panya. Walikuwa na panya waliozaliwa bila ya mlango mmoja maalumu urudishao kalsiamu katika damu, na kwa sababu hiyo kalsiamu nyingi mno ilipotea katika mkojo wao. Mtu angalitazamia figo za panya hao zijae mawe, lakini hawakuwa nayo. Walikojoa sana, na mkojo wao ulikuwa na tindikali kuliko wa panya wengine. Mwaka 2009 wataalamu hao walieleza walilofanya baadaye: katika panya wa namna hiyo waliondoa pia sehemu moja ya pampu ya tindikali. Mara kalsiamu na fosfeti ziliganda kwa wingi ndani ya mirija ya figo zao. Mlinzi alipoondolewa, ilijulikana kwamba ndiye aliyekuwa akiwaokoa.

Yafaa kuongeza neno moja hapa, mtu asije akadhani kwamba tindikali ikizidi ni heri zaidi. Mkojo wenye tindikali nyingi mno huleta mawe ya namna nyingine, yasiyokuwa ya kalsiamu. Mwili wenye afya hushika njia ya katikati.

WAZUIAO CHEMBE ZISISHIKANE

Baada ya maji na tindikali wako walinzi wengine, nao wamo ndani ya mkojo wenyewe. Wa kwanza wao ni sitreti, jamaa ya ule uchachu wa ndimu na machungwa. Sitreti huishika kalsiamu kabla haijashikwa na oksaleti, nao mfungamano huo huyeyuka vizuri ukatoka na mkojo. Magnesi nayo hufanya kazi kama hiyo kwa upande wa pili, maana huishika oksaleti. Na mwaka 1962 Herbert Fleisch na mwenzake, huko Uswisi, walitoa katika mkojo wa watu kitu kiitwacho pirofosfeti, kizuiacho chembe za kalsiamu zisikue.

Yuko tena mlinzi mwingine aliyejulikana kwa bahati. Mwaka 1950 Igor Tamm na Frank Horsfall, waliokuwa katika Taasisi ya Rockefeller mjini New York, walikuwa wakichunguza virusi vya homa ya mafua. Waliona kwamba katika mkojo wa watu mna protini iwezayo kuvizuia virusi hivyo visizigandishe chembe za damu. Protini hiyo hutengenezwa na figo zenyewe, na katika mkojo wa mtu mwenye afya ndiyo iliyo nyingi kupita protini zote. Kazi yake nyingine ilidhihirika baadaye. Mwaka 2004 wachunguzi walieleza kwamba panya waliozaliwa bila ya protini hiyo hupata chembe za kalsiamu katika figo kwa urahisi. Protini hiyo huzizuia chembe zisishikane, kama vile mafuta yatiwayo katika wali yazuiavyo punje zisigandamane.

Hata mkojo wa mtu asiye na ugonjwa wowote mara nyingi una kalsiamu na oksaleti kupita kiasi kiwezacho kuyeyuka katika maji matupu, na pengine chembe huanza kufanyika. Lakini mkojo hupita katika mirija ya figo kwa dakika chache tu. Chembe ikiwa ndogo na peke yake, huchukuliwa na maji ikatoka kabla haijapata mahali pa kukaa. Ugonjwa huanza pale chembe zipatapo muda na mahali pa kushika.

WALINZI WANAPOZIDIWA

Mwaka 1937 daktari wa Philadelphia, Alexander Randall, alieleza jinsi alivyoona madoa meupe ya kalsiamu kwenye ncha za ndani za figo, pale mkojo umwagikapo kutoka katika mirija. Juu ya madoa hayo mawe mengine hushika na kukua, kama chaza washikavyo mwamba. Jiwe likishatia mzizi hivyo, walinzi wana kazi ngumu. Na mtu aliyepata jiwe mara moja yumo katika hatari ya kulipata tena. Katika watu wa namna hiyo karibu nusu hulipata jingine ndani ya miaka kumi.

Sababu za walinzi kuzidiwa ni nyingi. Nyingine ni za kurithi, na nyingine ni za ugonjwa, kama zile tezi za shingoni zikizidisha homoni. Lakini nyingi zimo katika maisha ya kila siku. Chumvi ikizidi katika chakula, figo huitoa, na itokapo hutoka pamoja na kalsiamu. Nyama ikizidi, mwili hupata tindikali nyingi, na figo huizuia sitreti isitoke, mkojo ukakosa mlinzi wake. Na sababu iliyo kubwa kuliko hizi ni maji. Mtu atokaye jasho jingi bila ya kunywa huulazimisha mwili kuyashika maji yote yaliyobaki. Figo haziwezi kuufanya mkojo uwe mwepesi kwa maji yasiyokuwapo. Kati ya kuihifadhi damu na kuyazuia mawe, mwili huchagua damu.

WAJIBU WA MWENYE MWILI

Hapa basi ndipo penye kosa la yule mwashi na majirani zake. Walitafuta adui katika kikombe cha maziwa, na adui alikuwa katika debe tupu. Tangu saa mbili asubuhi mpaka saa tisa hanywi ila kikombe cha chai, maana bomba liko mbali. Na pengine hata maji yakiwapo, hunywa kidogo kwa makusudi kwa sababu mahali pa kazi hapana choo. Vivyo hivyo dereva wa safari ndefu, mama auzaye sokoni, na mtoto wa shule ambaye choo cha shuleni kimemchukiza: hawa wote hujizuia kunywa ili wasipate haja. Ni heri kila msimamizi wa kazi na kila mwalimu alifikirie jambo hili, kwani mtungi wa maji safi na choo kisafi ni bei rahisi kuliko siku za kazi zipoteazo kwa ugonjwa.

Ni maji kiasi gani? Kipimo kizuri si hesabu ya vikombe, bali ni rangi ya mkojo. Ukiwa mweupe au wa manjano hafifu, maji yanatosha. Ukiwa wa manjano iliyoiva, hayatoshi. Mtu aliyekwisha kupata jiwe yampasa anywe mpaka mkojo wake ufike lita mbili au mbili na nusu kwa siku, na katika nchi ya joto kama pwani hiyo ni kazi ya kukusudia. Dokta Borghi aliyetajwa juu alilijaribu jambo hili pia, na mwaka 1996 alitoa hesabu yake. Kati ya watu 99 waliokunywa maji mengi kwa miaka mitano, 12 walipata jiwe tena. Kati ya 100 ambao hawakuambiwa wazidishe maji, 27 walipata.

Mengine ni mepesi. Maziwa na yanywewe kwa kiasi cha kawaida, hasa wakati wa chakula. Mchicha ukiliwa pamoja na maziwa lala, au chai ikinywewa na maziwa, oksaleti hushikwa tumboni. Mchicha uliochemshwa na maji yake kumwagwa huwa na oksaleti kidogo zaidi. Ndimu ikikamuliwa katika maji ya kunywa huongeza sitreti. Chumvi ipunguzwe katika sufuria, isiongezwe tena mezani. Lakini vidonge vya kalsiamu si sawa na maziwa, na mtu aliyepata jiwe asivitumie bila ya shauri la daktari.

Na wako wasiopaswa kunywa maji mengi, kama wagonjwa wa moyo na wale ambao figo zao zimedhoofika; hao hufuata kipimo cha daktari wao. Mawe mengi yasiyozidi milimita tano hutoka yenyewe. Lakini mwenye maumivu ya ubavu pamoja na homa, au ambaye mkojo umemkatika, au aonaye damu katika mkojo, asikae nyumbani akisubiri wala asitegemee dawa za kuchemsha. Na aende hospitali siku ile ile, kwa kuwa figo iliyozibwa na kuingiliwa na vijidudu yaweza kumwua mtu kwa muda mfupi.

Mwashi huyo akiyafahamu haya, atarudi kazini na chupa yake ya maji chini ya kivuli cha ukuta, na jioni atakunywa maziwa yake bila ya hofu. Na yule mzee akimwuliza kwa nini hakusikia shauri lake, atamjibu kwa adabu, "Mzee, walinzi ninao tangu kuzaliwa. Waliniomba maji tu."